Vidonda vya Tumbo: Maumivu Yaendayo na Kurudi

Maradhi mengi huja kwa kishindo, nayo yakiisha kutibiwa huondoka, na mtu akayasahau. Lakini yako maradhi mengine ambayo desturi yake ni kwenda na kurudi. Juma hili mtu hawezi hata kuinama. Juma lijalo hana neno, ala na kufanya kazi kama watu wote. Na mwezi wa tatu yamemrudia tena usiku wa manane. Maradhi ya namna hii humchosha mtu kwa njia mbili: humuumiza mwili, na tena humdanganya. Miongoni mwake ni vidonda vya tumbo.

Somo hili limekusudiwa hasa wakazi wa Busia na Malaba, pamoja na wasafiri wote wapitao huko mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa kuwa maisha ya huko yana mambo yake yaufanyayo ugonjwa huu uwe mgumu kuutunza. Jambo moja twataka msomaji alishike tangu mwanzo hata mwisho: maumivu kutulia si kupona. Akilielewa hilo, mengine yote yatakayosemwa hapa yatakuwa mepesi.

MFANO WA MAMA WA SOKONI

Na tumfikirie mama mmoja auzaye mahindi na maharagwe sokoni Busia. Si mtu fulani. Ni mfano tu tulioutunga ili somo lipate kueleweka. Mama huyu huamka kabla ya alfajiri, akanywa kikombe cha chai ya rangi, kisha akaenda kupokea magunia yavukayo kutoka upande wa Uganda. Hali kitu hata saa nane za mchana. Kwa muda wa miaka minne amekuwa akisikia moto chini ya kifua, juu ya kitovu. Moto huo huanza njaa inapoingia, na mara nyingine humwamsha usingizini. Akila kidogo hutulia, lakini baada ya saa mbili tatu huanza tena.

Mara ya kwanza alinunua vidonge vichache dukani, na siku ya tatu akajiona mzima. Mara ya pili dada yake aliyeolewa Tororo alimletea dawa nyingine kutoka ng'ambo. Mara ya tatu alikwenda kwa tabibu, akapewa dawa za majuma mawili, siku ya tano maumivu yakaisha, naye akazitia zilizobaki katika kopo akisema, "Hizi zitanifaa siku nyingine." Mara ya nne alizinywa zile za kopo. Kila mara alitulia, na kila mara yalirudi. Sasa majirani wengine wamemnong'oneza kuwa amelishwa kitu na mtu amwoneaye wivu kwa biashara yake, naye ameanza kumtazama jirani yake wa meza ya pili kwa jicho baya.

Mama huyu ana wenzake wengi. Yuko dereva wa lori atokaye Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Juba, ambaye hula mara moja kwa siku penye foleni ya Malaba, tena usiku. Kituo cha pamoja cha mpakani mwa Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi wa Februari 2018, kilikusudiwa kupunguza kungoja, kwa kuwa mtu hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Hata hivyo ziko siku ambazo foleni hurefuka, na dereva hawezi kuliacha gari lake akatafute chakula. Yuko pia kijana wa boda boda, kazi ambayo jina lake lenyewe lasemwa kuwa lilizaliwa mpakani huku, baiskeli zilipokuwa zikichukua watu kutoka boda moja hata boda ya pili. Huyu hula maandazi mawili juu ya pikipiki yake na kuyasukuma kwa soda. Wote watatu wakisikia moto tumboni husema neno lile lile: "Itapita." Nayo hupita kweli. Taabu ni kwamba hairudi ilikotoka ikakaa huko.

KIDONDA CHENYEWE NI KITU GANI

Tumbo la chakula ni mfuko wa nyama wenye kazi ya kupondaponda chakula. Ndani yake hutoka maji makali yaitwayo tindikali, ambayo husaidia kuyeyusha chakula na kuua vijidudu vingi viingiavyo pamoja nacho. Tindikali hiyo ni kali, hata ingeweza kuuchoma mfuko wenyewe. Lakini mfuko umefunikwa kwa ndani na ute mzito uulindao, kama vile ukuta wa udongo ulindwavyo na lipu isipate mvua kuumomonyoa. Lipu ikibanduka mahali, mvua huchimba ukuta. Na ute ukiharibika mahali, tindikali huchimba nyama. Shimo hilo dogo, ambalo huenda upana wake usizidi punje ya hindi, ndilo kidonda. Huweza kuwa katika mfuko wa tumbo, au mbele yake kidogo, mahali utumbo mwembamba unapoanzia.

Ni nani, basi, abanduaye lipu? Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima waliamini kuwa ni wasiwasi na vyakula vikali. Huko Chicago, Marekani, daktari aitwaye Bertram Sippy alitangaza mwaka 1915 matibabu ya kuwanywesha wagonjwa maziwa na malai kila saa, na njia yake ikafuatwa muda mrefu sana. Kwa hiyo jirani wa sokoni amwambiaye mama yetu, "Kunywa maziwa, utapona," hasemi upuuzi. Asema yale waliyoyasema madaktari wakubwa zamani. Lakini siku hizi yajulikana kuwa maziwa hupoza kwa muda mfupi tu, kisha hulifanya tumbo litoe tindikali zaidi.

Mambo yaligeuka katika mji wa Perth, Australia. Daktari Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vipande vya nyama za wagonjwa kwa hadubini, aliona mwaka 1979 vijidudu vyenye umbo la kupinda vikiishi ndani ya tumbo. Yeye na daktari kijana, Barry Marshall, walijaribu kuviotesha katika maabara, wasifaulu. Ilipofika sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982, vyombo vyao viliachwa siku nyingi kuliko desturi, na waliporudi walikuta vijidudu vimeota. Wataalamu wengi hawakusadiki, maana ilidhaniwa kuwa hakuna kijidudu kiwezacho kudumu katika tindikali kali namna ile. Basi mwaka 1984 Marshall alivinywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe. Siku chache baadaye akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na alipopimwa, tumbo lake lilionekana kuwa limevimba. Mwaka 2005 madaktari hao wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Kijidudu hicho huitwa helikobakta pilori, na katika karatasi za maabara huandikwa H. pylori. Karibu nusu ya watu wa dunia wanacho tumboni, na wengi wao walikipata tangu utotoni, nyumbani mwao, kutoka kwa watu walioishi nao. Walio wengi hawaugui kidonda maisha yao yote. Kwa hiyo kuwa nacho si aibu, wala si dalili ya mwenendo mbaya. Wala hapana haja ya kumtafuta adui aliyekilisha. Tumbo liumalo miaka minne, likitulia na kurudi, mara nyingi huwa na sababu iwezayo kuonekana katika maabara. Na jirani wa meza ya pili hana hatia.

Sababu ya pili kubwa ni dawa za kutuliza maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wengi huzimeza kwa ajili ya mgongo, viungo na kichwa, hupunguza ule ute wa tumbo. Mpagazi apakiaye magunia, na dereva aketiye siku tatu penye usukani, huumwa mgongo. Hununua vidonge hivyo vimoja vimoja, wakavimeza hali tumbo tupu, siku baada ya siku. Mgongo ukapona, tumbo likaharibika.

KWA NINI YAENDA NA KURUDI

Kidonda cha tumbo kina tabia ya kujifunga chenyewe. Mwili hujitahidi kukiponya, na dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli, huusaidia sana. Lakini kama kijidudu kingalipo, au kama mtu angali akimeza dawa za maumivu, lipu itabanduka tena. Zamani, wagonjwa walipotibiwa kwa dawa za kupunguza tindikali peke yake, vidonda vya wengi wao vilirudi kabla ya mwaka kwisha. Tangu madaktari walipoanza kukiua kijidudu chenyewe, ni wachache tu warudiwao.

Hapo ndipo lilipo kosa la mama yetu. Alipoziacha dawa siku ya tano, kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, naye hakusikia maumivu. Lakini vijidudu vilikuwa havijaisha. Vile vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa na nguvu zaidi ya kustahimili dawa. Aliporudia dawa za kopo kwa siku mbili tatu, aliwafundisha adui zake kuzizoea silaha zake. Mkulima apaliliaye shamba nusu, akaacha mizizi ya sangari ardhini, hajui kwa nini magugu yamerudi na mvua ya kwanza?

SI KILA TUMBO LIUMALO LINA KIDONDA

Kabla ya kuendelea, lazima tumwonye msomaji asijipe ugonjwa mwenyewe. Tumbo lina maradhi mengi, na dalili zake hufanana. Yako maumivu ya kiungulia, tindikali inapopanda kooni. Yako mawe katika mfuko wa nyongo. Wako watu ambao tumbo lao huuma miaka mingi, na wakipimwa halionekani jeraha lolote. Hao nao ni wagonjwa kweli, wala hawajisingizii, ila matibabu yao ni mengine. Hata ugonjwa wa moyo huweza kujificha katika maumivu ya juu ya tumbo, hasa kwa mtu mzima atokwaye na jasho na kuishiwa pumzi.

Tena Busia ni nchi yenye ziwa na mito. Kwa watu wa pwani za Ziwa Victoria, kama vile Port Victoria na Sio Port, iko hatari ya kichocho cha matumbo, kinachomwingia mtu kupitia ngozi anapokanyaga maji yenye konokono wenye vimelea vyake. Minyoo nayo imekuwa adui wa zamani. Ni huku Busia ndiko ulikofanyika, kuanzia mwaka 1998, mradi wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule za msingi 75. Uchunguzi wake ulioandikwa na Michael Kremer na Edward Miguel ulionyesha kuwa watoto waliotibiwa walikosa shule siku chache zaidi, na habari zake zikajulikana duniani kote. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya majaribio ya namna hiyo. Twalitaja jambo hili ili msomaji aone kuwa tumbo moja laweza kuumwa kwa sababu nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Dawa ya minyoo haiponyi kidonda, wala dawa ya kidonda haiui minyoo.

KUPIMWA

Mtu aliyeumwa zaidi ya majuma mawili matatu, au aliyerudiwa na maumivu yale yale, hana budi kupimwa. Mkazi wa mji wa Busia anayo hospitali ya rufaa ya kaunti. Mkazi wa Malaba anayo hospitali ya Kocholia. Na vituo vya afya viko katika sehemu nyingine.

Kijidudu hutafutwa kwa njia mbalimbali. Njia ifaayo na isiyo na taabu ni kupima choo. Iko pia njia ya kupima pumzi. Kipimo cha damu huonyesha tu kuwa mtu aliwahi kuambukizwa; hakiwezi kusema kama kijidudu kingalipo leo, kwa hiyo aliyekwisha kutibiwa asihangaike akiona karatasi ya damu bado yasema ndiyo. Mtu akiwa na dalili za hatari, au umri wake ukiwa umepita kiasi, daktari huweza kutaka kutazama tumbo lenyewe kwa mpira mwembamba wenye taa upitishwao mdomoni. Jambo hilo halipendezi, lakini halichukui muda mrefu, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku ile ile.

Jambo moja watu wengi hawaambiwi: dawa za kupunguza tindikali huweza kukificha kijidudu wakati wa kipimo cha choo au cha pumzi. Yafaa ziachwe kwa majuma mawili kabla ya kupimwa, na dawa za kuua vijidudu ziwe zimeachwa kwa majuma manne. Lakini mtu asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Amwulize kwanza tabibu wake, hasa kama aliwahi kutokwa na damu.

DAFTARI LA MPAKANI

Mtu aishiye mbali na mpaka kwa kawaida ana kituo kimoja cha afya, na kadi yake iko huko. Lakini mtu wa Busia au Malaba ana kadi upande huu, dawa za upande ule, na vidonge vya duka la njiani. Tabibu amwonaye leo hajui alichopewa jana ng'ambo. Kwa hiyo twashauri kila mgonjwa wa tumbo anunue daftari dogo la shule, alichukue kila aendako kutafuta dawa. Aandike humo tarehe maumivu yalipoanza, alichokula, dawa aliyokunywa na mahali alipoipata, na siku aliyoiacha. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe. Na tusikilize mfano wa mazungumzo yao:

Tabibu: "Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

Mama: "Njema, daktari, ila tumbo. Limenirudia."

Tabibu: "Pole sana. Umekwisha kunywa dawa gani?"

Mama: "Zote nimezileta, mwanangu. Hizi za hapa, hizi za Tororo, na hizi za kopo. Na katika daftari binti yangu ameandika siku nilizoziacha."

Tabibu: "Asante, mama. Kumbe dawa hii umekwisha kuinywa mara tatu bila kuimaliza! Basi tusirudie hiyo. Tutapima kwanza, kisha tutachagua nyingine."

Katika maneno hayo machache tabibu amejua jambo ambalo lingemgharimu mama fedha nyingi na majuma mengi. Wala tabibu hakumkaripia. Mgonjwa asifiche dawa alizokunywa kwa hofu ya kulaumiwa, hata kama ni za mitishamba. Mficha maradhi kifo humuumbua.

KUMALIZA DAWA

Kijidudu kikionekana, mgonjwa hupewa dawa tatu au nne kwa pamoja: moja au zaidi ya kupunguza tindikali na kulinda tumbo, na angalau mbili za kuua vijidudu, kama amoksisilini, klarithromaisini au metronidazoli. Mara nyingi hunywewa kwa siku 14. Si dawa nyepesi. Nyingine huleta ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu au kuhara kidogo. Anywaye metronidazoli asiguse pombe siku hizo. Aliyewahi kudhurika kwa penisilini amwambie tabibu kabla ya kupewa amoksisilini.

Kwa kuwa maumivu huisha kabla ya dawa kwisha, yafaa mgonjwa atie alama ukutani au katika daftari kila siku anywapo, mpaka siku ya kumi na nne. Dereva aanzaye safari azichukue dawa zote, asiache nusu nyumbani. Mama wa sokoni aziweke pamoja na funguo za duka. Kisha, baada ya majuma manne au zaidi tangu kumaliza, apimwe tena ili ijulikane kama kijidudu kimekwisha. Kipimo hicho cha pili watu hukiona kama fedha za bure, kwa kuwa hawaumwi. Lakini ndicho kitenganishacho kutulia na kupona.

CHAKULA NA KINYWAJI

Hakuna chakula kimoja kiponyacho kidonda, wala hakuna haja ya mgonjwa kuishi kwa uji mtupu mpaka akadhoofika. Vyakula vya Busia ni vyema: ugali wa mtama na muhogo, uji wa wimbi, samaki, omena, kunde, mrenda na ndizi. Pilipili na vyakula vya mafuta mengi havichimbi kidonda, lakini huweza kuyaamsha maumivu kwa watu wengine. Hapo daftari litakuwa mwalimu: mtu akiona kuwa kila alapo kitu fulani anaumwa, akiache, asipoumwa, akile kwa amani. Haifai kuacha maharagwe kwa kuwa jirani yamemdhuru.

Njaa ndefu humsumbua mwenye kidonda. Mama atokaye alfajiri achukue kiazi kilichochemshwa au uji katika chupa. Dereva awe na ndizi na mkate karibu naye. Atakaye kufunga, awe Mwislamu katika Ramadhani au Mkristo katika siku zake, azungumze na tabibu kabla ya mwezi kuingia, wala asijione mpungufu wa imani akishauriwa kungoja mpaka kidonda kifunge.

Tumbaku huchelewesha kidonda kupona. Pombe kali, kama chang'aa na waragi, huunguza ndani ya tumbo. Afadhali mgonjwa aiache kabisa. Na aumwaye kichwa au mgongo aulize kama parasetamoli yaweza kumfaa badala ya zile dawa tulizozitaja, kwa kuwa haiharibu tumbo namna ile. Lakini aliyeamriwa na daktari kunywa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache ghafula; arudi kwa daktari wake apewe dawa ya kulilinda tumbo.

SIKU MBAYA NA SIKU NJEMA

Hata katika matibabu mazuri ziko siku za kurudi nyuma. Kidonda huhitaji majuma kadhaa kufunga, na wako ambao tumbo lao hubaki jepesi kuumwa hata baada ya kijidudu kuondoka. Mtu wa namna hii asikate tamaa, wala asikimbilie dawa mpya kila juma. Apunguze kazi nzito siku hiyo, ale kidogo kidogo mara nyingi, alale kichwa kikiwa juu kidogo ikiwa tindikali yapanda, aandike katika daftari lake, na akumbuke kuwa siku mbaya moja si ushindi wa ugonjwa. Na ikija siku njema, asiichukue kama ruhusa ya kutupa dawa.

Watu wa nyumbani nao wana sehemu yao. Ugonjwa usioonekana kwa macho huleta manung'uniko. Jana mama alibeba gunia, leo amelala, mume husema, "Jana ulikuwa mzima, leo imekuwaje?" Maneno hayo huuma kuliko tindikali. Yafaa jamaa waelewe kuwa kwenda na kurudi ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, si uvivu wa mgonjwa. Mtoto akimkumbusha mama dawa ya jioni, na mume akimwekea sahani ya chakula cha asubuhi, wamemtibu kiasi chao.

DALILI ZA HATARI

Yako mambo ambayo hayangoji asubuhi, wala hayangoji foleni kwisha. Mtu akiona mojawapo ya haya na aende hospitali mara moja, iliyo karibu, upande wowote wa mpaka:

1. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka sana. Hii ni damu iliyotoka ndani. Vidonge vya kuongeza damu navyo huweza kukifanya choo kiwe cheusi. Hata hivyo mtu asijihukumie, aulize.

2. Kutapika damu, au kutapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

3. Maumivu makali ya ghafula yasiyopungua, tumbo likawa gumu kama ubao. Huenda kidonda kimetoboka.

4. Kizunguzungu, kuzimia, moyo kwenda mbio na mwili kuwa baridi.

Na dalili hizi nazo, ijapokuwa si za usiku ule ule, zisikae bila kuonyeshwa kwa daktari: kukonda bila sababu, chakula kukwama kikimezwa, kutapika kila mara, na kupungukiwa damu. Nyuma yake huweza kuwamo saratani, nayo ikigunduliwa mapema yaweza kutibiwa vizuri zaidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji aliyefika hapa na ajiulize, au awaulize wenziwe barazani: Mbona kidonda hurudi hata baada ya maumivu kwisha? Ni dawa zipi za maumivu ziharibuzo tumbo? Kwa nini dawa za kopo ni hatari? Ni mambo gani manne yasiyongoja asubuhi?

Tumwache mama yetu wa Busia akiwa na daftari lake mkononi. Amepimwa, amepewa dawa za siku 14, na leo ni siku ya sita. Haumwi hata kidogo. Kopo liko pale pale rafuni, nalo ni tupu. Wateja wamejaa mezani, gunia la mahindi limefunguliwa, na binti yake amesimama kando na maji katika kikombe. Mama atia alama ya sita katika daftari, ameza dawa yake, kisha amgeukia jirani wa meza ya pili, amwuliza kama leo ana chenji. Amebakiza siku nane, na siku hizo nane ndizo zitakazomponya.